Kicheko Hakina Jalada

Asubuhi ile ukuta ulimpongeza Nyamizi kwa kuwa hai.

"Mheshimiwa mstaafu, hongera," ukuta ulisema. "Kuanzia leo uko salama. Pazi wa Mtoni, aliyekuwa tishio kwako, amefariki alfajiri. Atazikwa jua likianza kupinda. Tunakutakia siku njema."

Alikuwa ameshika kikombe cha uji. Hakukidondosha; wanaodondosha vikombe ni watu wa kwenye hadithi. Alikunywa funda moja, akanywa la pili, akakiweka mezani polepole kama mtu anayemlaza mtoto.

"Mbwa wewe," alisema. "Umekufa bila kuniaga."

Hakuuambia ukuta. Alimwambia Pazi, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye yeye Nyamizi hakuwa ameruhusiwa kumwona wala kumsikia tangu siku alipomzika mumewe. Na kilichomuuma zaidi, kama kweli maumivu yana zaidi na pungufu, ni kwamba ukuta uliposema "uko salama" ulisema kwa sauti yake mwenyewe, Nyamizi, sauti ya ujana wake, ile ya alipokuwa hakimu na watu wakisimama akiingia. Mizani, mashine iliyochukua kazi ya uhakimu na kusema kupitia kuta na mageti, ilikuwa imeshonewa sauti kutoka kwa mahakimu wote wa zamani, kipande huku kipande kule, na kila aliyewahi kukaa kitini alikuwa akikutana na nafsi yake mara kwa mara, mlangoni, sokoni, kwenye lifti. Wengine walizoea. Nyamizi hakuzoea. Aliishi peke yake, na mtu pekee aliyezungumza naye kutwa nzima alikuwa yeye alipokuwa kijana, tena alikuwa haelewi kitu.

Mji ule ulikuwa na jina zamani. Watu waligombania jinsi ya kulitamka, Mizani ikaliondoa kwa amani. Saa nazo ziliondoka, hakuna aliyeziiba. Hukumu ilipoanza kufika kabla ya kosa, watu waliona hakuna faida ya kujua ni saa ngapi. Ungemkuta mtu mzima amekaa kibarazani anatumikia adhabu ya ugomvi ambao angeufanya mwakani, ametulia, hana kinyongo, anamenya chungwa. Sheria yenyewe haikulala. Ilikuwa ikitazama, ikisikiliza, ikijipunguza hapa na kujiongeza pale, na kila kulipokucha ilikuwa nyingine. Ndiyo maana watu wa mji ule hawakuulizana habari za asubuhi. Waliulizana, "Sheria imeamkaje?" Na mwenzio alijibu, "Imeamka salama," hata kama hajui.

Halafu kila mtu alikuwa na yake. Zamani sheria ilikuwa kama kanzu ya kuazima, moja kwa ukoo mzima: mfupi inamburura, mrefu inamwacha vifundo nje, lakini wote wanajua ni kanzu ile ile na wote wanaicheka. Mizani ilimpima kila mmoja na kumkatia ya kwake. Mlango uliomfungukia huyu ulimfungia yule, na hakuna aliyeweza kumwambia jirani "hata mimi ilinikuta," kwa sababu haikumkuta. Ilikuwa sheria nzuri. Ilikaa mwilini vizuri mno. Watu walitembea ndani yake kila mtu na upweke wake, wamependeza.

Nyamizi alifungua kabati akatoa joho lake la uhakimu. Lilikuwa jeusi, limefifia mabegani, na mkono wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto kwa kiganja kizima. Pazi ndiye aliyelishona, na mkono ule hakuukosea. Alifanya makusudi. Nyamizi alipolivaa mara ya kwanza na mkono ukamfunika vidole, Pazi alikaa chini kwenye sakafu ya duka akacheka hadi miwani ikamtoka. "Mtumwa wangu," alimwambia, "ni ili ukinyoosha mkono kuwafunga watu wa Mtoni, usiwafikie." Alilivaa hivyo hivyo maisha yake yote ya kazi. Kupeleka kwa fundi mwingine kungekuwa kushindwa.

*

Watu wa Mtoni na watu wa Mawe waliuana. Hilo ndilo la kwanza kulijua. Waliuana baba kwa mwana kwa mjukuu, mpaka ikafika siku wakakutana kivukoni na hapakuwa na aliyebaki na nguvu ya kuinua mkuki. Wakatazamana. Mmoja, haijulikani wa upande gani, akasema: "Sura yako mbaya kama deni." Na mwenzake, badala ya kumchoma, akacheka. Ndiyo mwanzo wa utani wao. Tangu hapo mtu wa Mtoni akimkuta wa Mawe humwita mtumwa wake, humtukania mji mzima, huchukua jogoo wake mchana kweupe akamla, na mwenye jogoo hana pa kushtaki. Kesho zamu ni yake. Na mmoja akifa, mtani wake huja msibani, huvaa nguo ya marehemu, humwigiza, huwatukana wafiwa hadi wacheke, kisha hushuka kaburini na kulala humo. Hatoki mpaka apewe ada yake. Wazee walisema anayeshuka bila mtani kumtangulia anaingia kwenye nyumba ambayo haijapashwa moto.

Hii nayo ilikuwa sheria. Ilikuwa sheria kuliko zote, maana ilinunuliwa kwa damu, na haikuwa na ukurasa hata mmoja.

Mumewe Nyamizi, Mihayo, alipokufa, Pazi alifika amevaa koti la marehemu, amelichomoa kwenye msumari bila kuomba. Alitembea kwa goti la Mihayo, lile lililokataa kukunjika. Alikohoa kikohozi cha Mihayo, kikavu, kinachoanza kama swali. Akawafokea wachimbaji: "Chimbeni vizuri, mimi ni mtu mrefu!" Kisha akaruka kaburini akajinyoosha. "Sitoki. Kaburi zuri hivi apewe mtu wa Mawe? Na wewe mjane, mtumwa wangu, funga mdomo, zamu yako nitakuzika mwenyewe, tena kifudifudi!"

Nyamizi alikuwa hajala wala hajalia tangu mumewe akate roho. Alicheka. Kicheko kilifungua njia na kilio kikaja nyuma yake, vikatoka pamoja, akampa Pazi kuku na lile koti, Pazi akatoka kaburini, na Mihayo akazikwa kama mtu.

Lakini Mizani ilikuwa imeshaanza kazi mjini, na makaburini kulikuwa na nguzo yenye macho na masikio. Nguzo iliona mwanamume anaiba nguo ya marehemu, anavuruga mazishi, anamtukana mjane, anatishia kumzika, analipwa ili aondoke. Jioni ile ile amri ya hifadhi ilitoka. Pazi asimkaribie Nyamizi wala sauti yake isimfikie. Haikuhitaji askari. Pazi akielekea mtaa wa Nyamizi, geti halifunguki. Nyamizi akielekea mtaa wa Pazi, gari linamshusha kwake. Waliishi mtaa wa kwanza na mtaa wa pili, na bahari isingewatenganisha vizuri zaidi.

Aliomba amri iondolewe. Mizani ilimjibu kwa upole: "Waliodhuriwa wengi huja kuwaombea waliowadhuru. Ombi lako linathibitisha." Ikairefusha. Akaomba tena, ikairefusha tena, na safari hii ikamfungia Pazi na duka lake pia. Ndipo akaelewa, akaacha kuomba. Alinyamaza kwa kumhurumia, na huko ng'ambo ya ukuta Pazi hakuwa na njia ya kujua kwamba ule ulikuwa ukimya wa huruma.

Sasa Pazi alikuwa amekufa, na jua lilikuwa bado halijapinda, na watani wote wa mji ule walikuwa wametenganishwa vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa usalama wake. Alihesabu wa Mawe waliobaki ambao wangeweza kushuka kaburini kwa ajili ya Pazi. Alimpata mmoja. Alikuwa amevaa joho lenye mkono mrefu.

*

Baraza la zamani lilikuwa wazi, limefagiliwa, halina mtu. Hukumu zilikuwa zikiwafikia watu majumbani na hakuna aliyehitaji kuja kuzifuata. Kwenye benchi la mawakili aliketi Ligembe, ambaye aliwahi kuwa wakili hodari, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Kando yake kulikuwa na rundo la leso zilizopigwa pasi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, wakili. Sheria imeamkaje?"

"Imeamka salama. Ila uwakili uliisha. Siku hizi natoa pole. Mizani ilipokuwa inatoa pole yenyewe watu walikuwa hawaamini, ikaonekana atafutwe binadamu."

"Na wanakuamini?"

"Wanachukua leso."

Nyamizi alipita, akasimama pale mshitakiwa anaposimama. Kiti cha hakimu kilikuwa kitupu. Kutoka pale kwenye utupu sauti yake ya ujana ikamkaribisha.

"Karibu, Mheshimiwa mstaafu. Tunajua ulichokuja kuomba. Jibu ni hapana."

"Acha niombe kwanza. Hata kuku huachwa alie."

"Omba."

"Nataka kwenda kumzika Pazi."

"Amri inaisha udongo ukishamfunika. Kabla ya hapo, hapana. Waliodhuriwa wakiitazama maiti ya aliyewadhuru, wengi hurudi wakiwa na hali mbaya zaidi. Tumewaona."

"Hakunidhuru. Ni mtani wangu."

"Neno hilo tunalijua. Ni mzaha. Mzaha hauondoi kosa."

"Si mzaha. Ni sheria."

"Ya ukurasa gani?"

Nyamizi alinyoosha mkono kwenye kiti kitupu, na kitambaa kikamfunika vidole. "Nimekaa hapo. Nimeamua kesi za watani tangu nywele zangu ni nyeusi. Watu wameletwa hapa kwa kula majogoo wa wenzao, kwa matusi, kwa kuchukua sufuria jikoni kukiwa na moto. Nimewaachia wote. Tafuta kesi zangu."

Mizani haikuhitaji muda wa kutafuta, lakini ilijifanya inatafuta, kwa adabu. "Tumetafuta. Hakuna hata moja."

"Hakuna?"

"Kwa watu wa Mtoni na watu wa Mawe, majalada yote ni ya wizi na matusi ya kweli, na yote yana adhabu. Hakuna aliyeachiwa. Asiyekuwepo na lake halipo, Mheshimiwa. Ni wewe uliyependa kuusema msemo huo."

Alikuwa ameupenda kweli. Aliketi kizimbani, kwenye kibao kile kigumu ambacho hakuwahi kujua ni kigumu.

Kalamu, aliwaza. Niliweka kalamu chini.

Kila mara. Analetwa mtu, ameshikwa na askari mgeni asiyejua. Namwuliza, wewe wa wapi? Wa Mtoni. Na mwenye jogoo? Wa Mawe. Naweka kalamu chini. Kalamu inawekwa chini ili mtu apate kucheka kwa raha. Nacheka. Baraza zima linacheka. Mwenye jogoo anacheka kuliko wote. Nendeni zenu, mnanipotezea muda. Kesi inayofuata! Na kalamu naiokota kwa inayofuata.

Kwa hiyo tuliandika maovu tu. Tuliandika tulipokasirika. Pale tulipokuwa wema, mikono yetu ilikuwa mitupu.

Mizani imetusoma sana, haijatuonea hata kidogo. Imesoma kila tulichoandika, na ikatuamini.

Ligembe alikuwa amemjia na leso. Hakumpa, alikaa nayo mkononi, akaketi karibu naye kizimbani, jambo ambalo mawakili hawakuwa wakilifanya.

"Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka pale mezani, Mheshimiwa. Siku zote. Hata ulipoweka kalamu."

"Basi isikilize kanda!"

"Mafundi wa Mizani walizisafisha kwanza. Nilikuwepo. Walisema haiwezi kujifunza penye kelele. Vikohozi, viti kuburuzwa, watoto wanaolia, vicheko. Vyote wakavikata."

"Wakavitupa?"

"Mizani haitupi kitu. Wakaviweka kando." Alikunja leso, akaikunjua. "Kuna kibali cha mzaha siku hizi. Unaandika tusi lako mapema, linakaguliwa, na anayetukanwa anaridhia kwa maandishi."

"Nimwombe Pazi aridhie."

"Ndiyo shida yenyewe."

"Nimpe mtani wangu taarifa kwamba nitamtukana! Ligembe, hata wewe?"

Ligembe aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa Mtoni kwa upande wa mama yake, na Nyamizi alikumbuka kwamba tangu aingie hapo wamesemeshana kama wageni wawili kwenye benchi la hospitali. Alisubiri amwite mtumwa. Midomo ya Ligembe ilicheza kidogo. Kisha akatazama kiti kitupu juu yao, akaogopa.

"Pole, Mheshimiwa," alisema.

*

Barabara ya makaburini ilimrudisha nyumbani. Alitembea akinyoosha, hakukata kona, na mwisho wake akaukuta mlango wake mwenyewe, umefunguka, taa inamsubiri, uji wake uko mezani. Akageuka akaanza upya. Magari yalimpisha, taa zilimgeukia kijani, upepo wenyewe ulionekana umeambiwa asisumbuliwe, na mji mzima ukamwongoza kwa huruma mpaka mlangoni pake tena. Hivyo ndivyo anavyolindwa mtu. Hakuna anayemgusa. Anaweza kutembea hadi azeeke na asimfikie mtu yeyote.

Jua lilikuwa limesimama utosini. Mara ya tatu aliiacha barabara, akaingia uchochoro wa nyuma ya nyumba, kule yanakopita maji ya kufulia, mahali ambapo hakuna aliyeona sababu ya kuweka nguzo. Pindo la joho likalowa mapovu. Akapita nyuma ya duka la Pazi. Dirishani kulikuwa na cherehani imefunikwa shuka, na ukutani, kwenye msumari, koti la Mihayo. Pazi hakuwahi kulivaa tena. Lilikuwa limepigwa pasi.

Hapo Nyamizi alilia, akaendelea kutembea akilia, maana muda haukuwepo.

Makaburi yalizungushiwa uzio wa vyuma. Kupitia vyuma aliwaona wafiwa, wachache, viti vyao vimeachana. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wanalia kwa kiasi, kila mtu kilio kilichomfaa. Jeneza lilikuwa juu ya vigoda, na shimo lilikuwa tayari, na aliyesimama ukingoni ni Sikudhani, binti pekee wa Pazi, amejifunga kanga mbili, macho makavu. Alikuwa amezaliwa kabla ya Mizani lakini amekulia ndani yake. Nyamizi aliyajua macho yale. Ndiyo aliyokuwa nayo yeye kabla Pazi hajakohoa kile kikohozi cha Mihayo.

Geti halikufunguka.

"Mheshimiwa, rudi," geti lilisema. "Aliyekudhuru yumo humu. Tunakulinda."

"Nifungulie."

"Geti hili linawazuia waliodhuriwa kwa ajili yao wenyewe. Wewe umedhuriwa."

Alisimama akitafakari, na alitafakari kama hakimu, maana ndiyo kazi aliyoijua. Aliyedhuriwa ni nani? Ni yule ambaye majalada yanasema amedhuriwa. Na anajulikanaje? Analia, anaomba, anasamehe, ananyamaza. Yote hayo alikuwa ameshayafanya na kila moja lilimfunga zaidi. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulifanya. Alikuwa hajalifanya muda mrefu sana na hakuwa na hakika kama koo lake lingekumbuka.

Akashika vyuma kwa mikono miwili.

"Pazi!" alipaza sauti. "Wewe Pazi! Mtumwa wangu!"

Viti viligeuka.

"Nani amekupa ruhusa ya kufa? Joho langu mkono mmoja bado mrefu, wewe unakimbilia kulala! Fundi gani wewe? Umepima watu maisha yako yote na hukuwahi kupatia hata suruali ya mtoto! Hilo jeneza umejikatia mwenyewe nini, mbona linaonekana limekubana kwapa? Mwizi wa majogoo! Mtu wa Mtoni asiyejua kuogelea! Mama yako alipokuzaa alisema, lo, nimezaa sindano haina tundu!"

Mzee mmoja kati ya wafiwa alisimama kwa hasira. Wengine waliziba masikio ya watoto. Nyamizi aliwaona, akaona aibu, na aibu hiyo ilimpa nguvu.

"Mnamwonea huruma? Mnalia nini, mmewahi kuvaa nguo zake? Amka Pazi, mchoyo mkubwa! Umekaa mtaa wa pili miaka yote hii hukuweza hata kunirushia tusi moja juu ya ukuta! Nilikuwa nakusubiri! Mbwa wewe! Nilikuwa nasubiri!"

Akaishiwa pumzi. Ndani ya chuma cha geti, mahali fulani, yeye wa ujanani alikuwa akihesabu.

"Hii si sauti ya aliyedhuriwa," geti lilisema hatimaye. "Aliyedhuriwa hatukani hivi. Hifadhi yako imeondolewa."

"Na marehemu? Humlindi na mimi?"

"Katika majalada yote hakuna marehemu aliyewahi kulalamika."

Geti likafunguka.

*

Alishuka kaburini kwa tabu, akishikilia udongo, bibi wa umri ule, na kiatu kimoja kikabaki juu. Akajilaza chali. Kulikuwa na baridi ya kweli humo. Mzizi uliokatwa ulichungulia karibu na sikio lake. Juu palikuwa na kipande cha mbingu, kimekatwa pembe nne, hakina wingu.

"Sitoki," alisema. "Kaburi zuri hivi apewe mtu wa Mtoni? Nipeni ada yangu."

Alisubiri. Utani ni wa watu wawili, na yeye alikuwa mmoja. Alilala akisikiliza wafiwa wakinong'ona huko juu, na kadiri alivyosubiri ndivyo ilivyokuwa vigumu kukumbuka ni kaburi la nani. Kwanza lilikuwa la Pazi. Kisha likawa la Mihayo, na yeye ni Pazi amevaa koti, na mjane amesimama juu hajalia. Kisha likawa lake, na alikuwa amezikwa kitambo bila mtu kumtangulia, na nyumba haijapashwa moto, na yote haya ya geti na joho aliyaota kwa baridi. Upweke aliokuwa ameuishi mtaa wa kwanza ulikuwa na upana huu huu. Aliupima kwa mikono: huku udongo, huku udongo.

Uso ulitokea ukingoni, umezungushiwa kanga. Ni Sikudhani.

"Bibi," alisema. "Tafadhali. Sijui natakiwa kufanya nini."

"Nitukane, mwanangu."

"Siwezi kukutukana, Bibi. Wewe ni mtu mzima."

"Baba yako aliweza."

Sikudhani alitazama jeneza, akatazama nguzo, akamtazama kikongwe aliyelala kwenye kaburi la baba yake akiwa na kiatu kimoja. "Toka..." alisema. "Toka humo, wewe... wewe kikongwe wa Mawe. Umeona shimo ukadhani ni kwenu." Akaziba mdomo. Kisha, kupitia vidole, ikamtoka yenyewe: "Lako linakuja! Tena tutakuchimbia fupi!"

Nyamizi alifumba macho. Joto lilimpanda kutoka miguuni. Na huko juu Sikudhani alikuwa ameanza kulia, kilio kikubwa kisichomfaa mtu, kilichochanganyika na kicheko.

"Sikudhani binti Pazi," nguzo ilisema, "umemtishia mwanamke mzee aliye shimoni. Amri ya hifadhi imetolewa. Hutamkaribia wala sauti yako isimfikie. Sogea. Wote sogeeni."

Viti vilisikika vikisogea. Watu walikuwa wameshazoea kusogea. Sikudhani hakusogea. Alikaa chini ukingoni, akaninginiza miguu ndani ya kaburi, vumbi likamdondokea Nyamizi kwenye joho.

"Mheshimiwa, toka," nguzo ilisema. "Hatuwezi kuendelea na mazishi. Unataka nini ili utoke?"

"Ada ya mtani."

"Kiasi gani?"

"Si ya kuhesabu. Nataka kicheko changu. Siku aliposimama kizimbani Pazi kwa kula jogoo wa mzee wa Mawe, nami nikaweka kalamu chini. Mlikikata mkakiweka kando. Kirudisheni."

"Kile ni kelele, Mheshimiwa. Haina jalada. Hatuwezi kukitafuta kitu kisicho na jalada."

"Basi fungua vyote. Mimi nina muda. Nimelala."

Nguzo ikaanza. Kwanza kilitoka kikohozi cha mtu. Kiti kikaburuzwa. Mtoto akalia na mama yake akamnyamazisha. Mlango. Mtu akipenga kamasi. Kikohozi kingine, kikavu, kinachoanza kama swali, na Nyamizi akashika udongo kwa vidole, maana Mihayo alikuwa akija barazani siku nyingine kumsubiri waende pamoja nyumbani. Kelele zilipita makaburini moja moja, za watu ambao wengi wao walikuwa wamelala pale pale chini ya nyasi, na wafiwa waliokuwa wamesogea wakaanza kurudi, taratibu, wakisikiliza.

Kisha kalamu ikawekwa chini. Sauti ndogo, ya mti kwa mti.

Na mwanamke akacheka. Alicheka kwa kifua, bila haya, kama mtu mwenye siku nyingi mbele yake. Na chini ya kicheko chake, kutoka upande wa kizimbani, kikaja kingine, chembamba, cha kukatika katika, cha mtu ambaye miwani imemtoka. Sikudhani aliinua kichwa.

"Baba," alisema.

Pazi alicheka kwenye mazishi yake. Alicheka mpaka kanda ikaisha.

"Nimelipwa," Nyamizi alisema. Akanyoosha mkono wa kulia juu, nao haukufika ukingoni. Lakini mkono wa joho ulifika. Sikudhani aliukamata kwa mikono miwili akavuta, na mzee yule aliyekasirishwa na matusi akaja akavuta naye, wakamtoa, mchafu, kiatu kimoja, akapokelewa.

"Mheshimiwa," nguzo iliuliza, kwa sauti ile ya ujana wa Nyamizi, na kwa mara ya kwanza sauti hiyo haikuonekana kuwa na hakika. "Hili tuliandike kuwa nini?"

Watu walikuwa wanainua jeneza. Sikudhani, ambaye alitakiwa asimkaribie, alikuwa amemshika mkono.

"Tuliandike kuwa nini?" iliuliza tena.

Hakuna aliyeijibu. Walikuwa wanamshusha Pazi.